Zawadi ya Nepia Isigeuke Zawadi ya Ugonjwa



Huku kwetu Nyeri, bila nepia hakuna maziwa. Shamba ni dogo, ng'ombe yuko kwa boma, na chakula chake ni cha kukatiwa. Ndiyo maana tulihuzunika tulipomtembelea mama mmoja wa kikundi. Nepia yake ilibaki vijiti, na vichwa vimejaa unga mweusi kama masizi ya jikoni. Tayari alikuwa amewagawia majirani wanne mbegu kutoka shamba lile lile, kwa moyo mzuri kabisa.

Ni ugonjwa gani?

Huu ni ugonjwa wa kuvu, ulioanza kuonekana eneo la Kati miaka ya 1990. Nepia iliyoshikwa hutoa maua mapema ikiwa bado fupi. Mashina huwa membamba na majani madogo. Ukiikata, inachipuka ikiwa dhaifu zaidi, na baada ya kukatwa mara kadhaa inakufa. Ule unga hupeperushwa na upepo. Lakini ugonjwa husafiri pia ndani ya mbegu tunazopeana, na kwa macho huwezi kuujua.

Mbona unamaliza shamba zima?

Punje ya mahindi ina baba na mama, kwa hivyo watoto hutofautiana. Nepia tunapanda vipande vya shina. Kila kipande ni pacha wa kile kilichokatwa, na kijiji kizima kinaweza kuwa na mmea mmoja tu. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote.

Watafiti walifanya nini?

Watafiti wa KARI, ambayo sasa ni sehemu ya KALRO, walijaribu aina nyingi za nepia. Walizipaka ule unga kwa makusudi, kisha wakangoja kuona ipi itasimama. Kakamega 1 ni mojawapo ya zilizostahimili. Lakini tusidanganyane: inastahimili masizi, siyo kila ugonjwa.

Tufanye nini?

1. Ng'oa shina lililoshikwa pamoja na mizizi, ulichome. Usilitupe kwa mbolea.
2. Usichukue mbegu kwa shamba ambalo hujaliona likichipuka baada ya kukatwa.
3. Kata nepia kabla haijatoa maua.
4. Muulizeni afisa wa kilimo mahali pa kupata mbegu safi. Kikundi kianze na kitalu kimoja, kisha wote wagawiwe kutoka hapo.

Mmoja aking'oa na jirani aache, kazi imekuwa bure. Yule mama aliwarudia majirani wake wanne, akawaambia ukweli. Haikuwa rahisi, lakini waling'oa pamoja.

Maswali ya kujadiliana

Mbegu ya nepia yetu ilitoka wapi? Tumempa nani? Nani atakwenda kumwambia?