Mvua ya Lukafu: motokari yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma inaomba mguu mwepesi

Kisha miezi ya kiangazi, saa moja tu ya mvua inatosha kugeuza vumbi ya barabara ya Lukafu kuwa matope. Wakaaji wa pale hawashangae. Wenye kinga za makala wanashuka na kusukuma kwa mikono, na wamama wenye vitunga kichwani wanasogea pembeni. Mwenye kushangaa ni shofere aliyetoka Lubumbashi na motokari ndogo yenye nguvu nyingi. Juu ya lami alikuwa anaenda vizuri. Sasa mukia wa motokari yake unataka kupita mbele ya kichwa.

Lukafu iko katika territoire ya Kasenga, jimbo la Haut-Katanga, kaskazini ya muji wa Lubumbashi, chini ya miinuko ya Kundelungu. Ni upande ule wa park ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka wa 1970, ambamo maporomoko ya Lofoi yanaanguka mita zaidi ya 300. Maji hayo yote yanatoka mbinguni, na katika Katanga yanaanguka karibu yote kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu au wa ine. Mwenye kupita barabara za jimbo hili katika miezi hiyo anapaswa kujua nini inasukuma motokari yake.

Kwa nini mukia unatangulia

Motokari ndogo nyingi za siku hizi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Lakini Toyota Mark X, Toyota Crown, BMW nyingi na Mercedes nyingi za zamani zinafanya namna ingine: mashine iko mbele, kardani inapita chini ya viti, na nguvu yote inafika kwenye magurudumu ya nyuma. Ya mbele yanageuza njia tu. Mark X ilitengenezwa kuanzia mwaka wa 2004 mpaka 2019, na mashine yake ya litre 2,5 inatoa nguvu ya farasi zaidi ya 200. Ndiyo maana vijana wanaipenda, kutoka Nairobi mpaka Lubumbashi.

Juu ya lami kavu, mpango huo ni muzuri. Motokari ikiondoka, uzito wake unarudi nyuma, na mipira ya nyuma inashika chini kwa nguvu. Lakini kila mupira una kiasi fulani tu cha kushika. Kiasi hicho kinagawanywa kati ya kazi mbili: kusukuma motokari mbele, na kuizuia isiteleze kando. Mvua inapunguza kiasi hicho. Shofere akikanyaga mafuta kwa nguvu katika kona yenye maji, mupira unatumia yote kwa kusukuma, na hakuna kinachobaki kwa kuzuia. Mukia unakimbia.

Dakika za kwanza za mvua ya kwanza ni mbaya zaidi. Kwa miezi mingi mafuta ya malori, vumbi na unga wa mipira vimelala juu ya lami. Maji kidogo yanavichanganya vyote na kufanya kitu chenye kuteleza kama sabuni. Mvua kubwa ikiendelea, inavisafisha.

Hatari ya kupita lori

Motokari nyingi za namna hii zinatoka Japani, na volani yake iko kuume. Katika Congo tunatembelea kuume pia. Basi shofere aliye nyuma ya lori haoni barabara mbele mpaka atoe nusu ya motokari yake katikati ya njia. Mvua ikinyesha, mipira ya lori inarusha maji yenye kufunika kioo, na anaona kidogo zaidi.

Anatoka, anaona nafasi, anakanyaga mafuta mpaka chini. Vitesi ya otomatiki inashuka ghafla, mashine inapiga kelele, na nguvu yote inafika nyuma kwa mara moja, wakati volani ingali imegeuzwa. Hapo ndipo mipira inaacha kushika, na motokari iko kwenye njia ya wale wanaokuja. Kosa lilianza kwenye mguu, na barabara ilimaliza kazi tu.

Mushofere mwenye akili anaacha nafasi kubwa nyuma ya lori. Umbali huo unamusaidia kuona mbali bila kutoka sana. Akitaka kupita, anaongeza mafuta polepole kabla ya kutoka, volani ikiwa imenyooka. Kama hiyo haiwezekani, anabaki nyuma. Kufika Lubumbashi kisha dakika kumi hakujaua mutu.

Mipira na upepo wake

Kitu cha kwanza cha kuangalia mbele ya safari ni mipira. Ulaya na Japani, sheria inaomba mifereji ya mupira iwe na urefu wa milimita 1,6 kwa uchache. Mifereji hiyo ndiyo inatoa maji chini ya mupira. Ikiisha, maji yanabaki, mupira unapanda juu yake kama pirogi, na volani inakuwa nyepesi bila kugeuza kitu.

Upepo pia ni muhimu. Katika miaka ya 1960, watafiti wa NASA wa Marekani walipima mipira ya ndege juu ya njia zenye maji mengi. Kipimo chao kinaonyesha kwamba mupira wenye bar 2,2 unaanza kuelea karibu kilometa 94 kwa saa. Wenye bar 1,5 unaanza karibu kilometa 78. Mipira ya motokari haifanane kabisa na ile ya ndege, na mupira uliokwisha unaelea mbele ya hapo, lakini somo ni moja: upepo mudogo unaleta hatari mapema.

Na kama feza inatosha mipira mipya miwili tu, iwekwe nyuma. Ndivyo kampuni kubwa za mipira zinashauri, hata kwa motokari zinazovutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza, shofere anasikia kwenye volani na anaweza kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, anajua wakati umekwisha pita.

Mukia ukianza kukimbia

Wengi wanafanya vitu viwili vibaya kwa pamoja: wanakanyaga freni kwa nguvu, na wanaangalia muti au mufereji wanaouogopa. Freni ya ghafla inatupa uzito mbele na kuacha nyuma nyepesi zaidi. Na mikono inafuata macho.

Inaomba kufanya kinyume. Mguu unatoka kwenye mafuta polepole, hauruke. Volani inageuzwa upande ule mukia unaokimbilia: mukia ukienda kuume, volani inaenda kuume. Macho yanabaki kwenye njia. Motokari ikianza kunyooka, volani inarudishwa haraka, kwa sababu mukia unaweza kurudi upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

Motokari nyingi zina kompyuta ya kusaidia, ile yenye taa ya manjano yenye picha ya motokari inayoteleza. Inapunguza nguvu ya mashine na kufunga freni ya gurudumu moja moja. Mercedes ilianza kuuza mufumo huo mwaka wa 1995. Lakini hauwezi kuunda kushika pale ambapo mupira umekwisha. Na kama taa hiyo inabaki inawaka muda wote, mufumo haufanye kazi, au mutu ameuzima. Inaomba fundi aangalie mbele ya mvua.

Kwenye udongo

Lami ikiisha, sheria zinabadilika kidogo. Kwenye matope, kusimama ni shida, na kuondoka ni shida zaidi. Baadhi ya Toyota za Japani zina kitufe kilichoandikwa SNOW, maana yake theluji. Theluji haijulikane Lukafu, lakini kitufe hicho kinafanya motokari iondoke kwa upole, na matope yanapenda upole. Kama magurudumu yanazunguka bure, kuendelea kukanyaga ni kuchimba shimo. Afazali kuweka matawi au mawe chini ya mipira ya nyuma.

Maji yanayopita juu ya barabara ni kitu kingine kabisa. Ofisi ya hali ya hewa ya Marekani inafundisha kwamba maji ya mbio yenye urefu wa santimeta 30 yanaweza kubeba motokari ndogo nyingi. Hakuna ufundi wa volani wenye kushinda maji hayo. Shofere anasimama, anangoja.

Hata hivyo, motokari ya magurudumu ya nyuma si adui wa matope. Katika Safari Rally ya Afrika ya Mashariki ya mwaka wa 1963 na ile ya 1968, mvua ilikuwa kali mpaka motokari saba tu zikamaliza kila mara. Mara zote mbili iliyoshinda ilikuwa Peugeot 404, yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma, chini ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kuanzia 1984 mpaka 1986, Toyota Celica yenye nguvu nyingi, ya magurudumu ya nyuma pia, ilishinda mara tatu kwa kufuatana.

Kungoja nayo ni kuendesha

Inchi yetu ina desturi ya bariere ya mvua: barabara ya udongo inafungwa wakati wa mvua na masaa fulani kisha, ili ikauke. Wengi wanaiona kama usumbufu. Lakini bariere inalinda barabara, na inalinda pia mwenye haraka.

Kuko safari zisizoweza kungoja. Lukafu ina zone yake ya afya, na siku ingine mugonjwa anapaswa kufika Lubumbashi. Familia inachukua motokari inayopatikana, na inayopatikana inaweza kuwa hiyo hiyo ya magurudumu ya nyuma. Siku hiyo, mipira yenye mifereji, upepo wenye kupimwa na mguu mwepesi ni sehemu ya matunzo ya mugonjwa.

Kwa safari zingine zote, mvua ya Katanga ikinyesha kwa nguvu, mara nyingi inapita. Mwenye kinga ya makala anajua hilo. Anasimama chini ya muti na kungoja, na njia iko yake pia. Shofere mwenye farasi 200 chini ya mguu anaweza kusimama karibu naye.