Kisiki cha Dodoma kina mtaji ardhini

WAKULIMA wengi wa kanda ya kati huhesabu vichaka kama gharama. Shamba jipya likifunguliwa, fedha ya kwanza humwendea kibarua wa kung'oa visiki. Mara nyingi hasara huanzia hapo.

Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine mmea huishi kwa akiba au kwa kubana matumizi, na namna unavyofanya hivyo huonekana katika umbo lake.

Mbambara, ambao wataalamu huuita Commiphora africana, hupukutisha majani mvua zikikatika. Ukibambua gome lake jembamba utakuta kijani: hapo mmea unaendelea kutumia mwanga wa jua bila jani hata moja. Mnyaa umekwenda mbali zaidi. Vijani vyake ni vidogo na huanguka mapema. Kazi hufanywa na vijiti vya kijani, ambavyo hufungua vitundu vya kupumulia usiku, jua likiwa halinyonyi maji. Mkulagembe una majani yaliyogawanyika vipande vidogo mno, na baadhi ya vitawi vyake vimegeuka miiba.

Ukienda Itigi, wilayani Manyoni, mchanga umelala juu ya tabaka gumu. Huko vichaka vimesongamana, virefu mita tatu hadi tano, kila kimoja na vishina vingi. Kishina kimoja kikikauka, vingine hubaki.

Kwa mkulima, tofauti hizi zina bei. Mbambara na mnyaa huota kwa kuchomeka matawi, hivyo uzio haudai gharama ya kitalu (utomvu wa mnyaa uepushwe na macho, ni hatari). Maganda ya mkulagembe huliwa na mbuzi kiangazi, majani yakiwa yameadimika.

Lakini mali kubwa iko chini. Mche wa kitalu huanza na mzizi mfupi, na ukikosa mvua wiki chache umekwisha. Kisiki kilichokatwa kina mizizi ya miaka mingi, tayari imefika kwenye unyevu. Ndiyo hesabu ya Kisiki Hai, mbinu ambayo shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi limeieneza mkoani Dodoma tangu 2018. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, huweka alama, kisha hulinda dhidi ya mifugo. Yaliyopogolewa ni kuni. Gharama ni panga na muda.

Si kila kisiki cha kuacha, hata hivyo. Panapopita plau, acha nafasi ya kugeuzia ng'ombe. Na mkulagembe usiuendekeze kwenye malisho: ukikatwa huchipua tena kutoka mizizini, na baada ya misimu kadhaa nyasi hukosa pa kuota.