Kivimbe kwenye titi la mbwa: tusingojee

Mwaka jana mama jirani wangu hapa Nyangezi aliniita: «Mwanangu, weye ulisoma mambo ya shamba na nyama, kuya uone hii imbwa yangu.» Kwenye titi la nyuma kulikuwa kivimbe kama punje ya maharagi. Majirani walisema ni maziwa yaliganda. Na miye, na lisansi yangu ya agronomi, nikasema tungojee. Leo kile kivimbe kimepita yai, kimepasuka, kinatoa usaha.

Ndipo nikaanza kusoma. Mbwa jike ana matiti karibu 10, na vivimbe vinatokea zaidi kwenye yale ya nyuma. Karibu nusu yao ni kanseri, inayoweza kufika mpaka mu mapafu.

Ni jike gani ako kwenye hatari?

1. Mwenye umri. Kuanzia miaka 7 hivi, hatari inapanda.

2. Asiyetolewa kizazi. Kila akiingia joto, homoni za uzazi zinasukuma chembe za titi zikue. Mwaka 1969, Schneider na wenzake kule Marekani waliandika hivi: akitolewa kizazi mbele ya joto la kwanza, hatari ni 0,5% tu ya ile ya jike mzima; kisha joto moja, 8%; kisha mawili ao zaidi, 26%. Lakini mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walipitia upya masomo ya namna hii, wakaona ushahidi wake ni dhaifu. Basi, tusishike hizo namba kama Injili.

3. Anayepigwa sindano za kuzuia joto. Ndani muna projestini, homoni ile ile inayoamsha titi.

4. Aliyenenepa sana angali mudogo.

Kwetu mbwa analinda mbuzi na kuku, hakuna mutu anamugusa tumbo. Hapo ndipo tunapotezea. Mara moja kwa mwezi, mbwa akilala, pitisha vidole kwenye matiti yote. Ukisikia kitu kigumu, hata kidogo, ita veterineri. Kikikatwa kingali chini ya santimetre 3, mara nyingi mbwa anaishi vizuri.

Mama hakunilaumu. Lakini kila jioni napita pale, na ile mbwa inanitingishia mkia. Mwenzangu mwenye diplome, usiseme «tungojee» kama miye.