Michezo ya Mikono Nyumbani: Nini Umtengenezee Mtoto, kwa Umri Gani, na Nini Usimpe

Siku za kliniki ya watoto, baada ya kupima uzito na kutoa chanjo, akina mama wengi huniuliza jambo lilelile: "Dada nesi, huyu mtoto hatulii. Nisipompa simu, sipiki wala sifui. Nifanyeje?" Nami huwauliza: nyumbani kuna boksi tupu? Kuna kipande cha kanga kuukuu? Kuna gunzi la mahindi? Mara nyingi vyote vipo. Hivyo vinatosha kuanzia.

Makala haya yanaeleza vitu unavyoweza kumtengenezea mtoto bila gharama, umri unaofaa kwa kila kimoja, na hatari za kuepuka. Yanamhusu mama, baba, bibi, dada wa kazi na yeyote anayebaki na mtoto nyumbani.

Kwa nini michezo ni suala la afya?

Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi sana katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto anaposhika kitu, kukigeuza, kukiangusha na kukitafuta tena, anajifunza kutumia macho, mikono na akili kwa pamoja. Anapokuuliza na wewe ukamjibu, anajifunza lugha. Ndiyo maana Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, imeweka fursa za ujifunzaji wa awali pamoja na afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama.

Kuhusu simu na televisheni, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri kabisa mtoto wa chini ya miaka 2 kukalishwa mbele ya skrini. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4, muda huo usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi.

Kosa nililojifunza kwalo

Miaka ya nyuma niliwafundisha akina mama kutengeneza kayamba la chupa ya maji lililojazwa punje za mahindi. Watoto walilipenda. Wiki chache baadaye mama mmoja alimleta mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Kifuniko kilikuwa kimefunguka, punje zikamwagika mkekani, na moja ilikuwa imeingia puani. Mama alijaribu kuitoa kwa njiti ya kiberiti, ikazidi kwenda ndani. Tulimpa rufaa, ikatolewa, na mtoto yuko salama. Lakini punje ile ingeweza kuingia kwenye njia ya hewa, na leo ningekuwa nasimulia jambo jingine. Mama yule hakuwa na kosa. Mimi ndiye sikuwaambia kwamba kifuniko cha chupa si ulinzi.

Tangu siku hiyo, mafunzo yangu huanza na usalama.

Kanuni ya bomba la karatasi ya chooni

Chukua bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha. Kitu chochote kinachopita ndani ya bomba hilo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Kama huna bomba, kanuni rahisi ni hii: kila kitu unachompa kiwe kikubwa kuliko ngumi yake, na kisiwe na sehemu inayong'oka.

Usitumie kamwe vitu hivi:

- Chupa au makopo yaliyowahi kuwekwa mafuta ya taa, dawa za mifugo, dawa za mashambani au dawa ya kuulia wadudu, hata kama yameoshwa.
- Betri za aina yoyote. Baadhi ya watoto hupasua betri kuukuu ili wapate unga mweusi wa kuchorea. Unga huo una kemikali zenye madhara. Betri za gari zina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto.
- Betri ndogo za duara kama kifungo, zinazopatikana kwenye saa, rimoti na vitu vya kuchezea vyenye taa. Ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2.
- Vizibo vya soda na makopo ya bati yenye kingo kali.
- Maputo na mifuko ya plastiki kwa watoto wadogo.
- Kamba ndefu. Isizidi urefu wa kiganja cha mtu mzima, isije ikajizungusha shingoni.
- Rangi za nyumba na vipande vya rangi vinavyobanduka ukutani.

Miezi 6 hadi 12: gunzi ndani ya kopo

Hili ndilo lililochukua nafasi ya kayamba langu la zamani. Tafuta kopo la plastiki lenye mdomo mpana, lililokuwa na chakula. Lioshe kwa sabuni na ulikaushe. Weka ndani gunzi zima lililokauka, funga mfuniko, kisha uzungushie kitambaa na ukishone. Mtoto akilitikisa linagonga, akilisukuma linabingirika naye analifuata kwa kutambaa. Hata likifunguka, gunzi zima haliingii kooni. Likitoka, liondoe ili asilitafune.

Kikombe cha plastiki na kijiko kikubwa cha mbao ni ngoma tosha. Gonga mara mbili, kisha mwachie naye agonge.

Mwaka 1 hadi 2: mpira, mdoli na maboksi

Kata kanga au fulana kuukuu. Kunja vipande vingi hadi vipate ukubwa wa chungwa kubwa, vifunike kwa kipande kimoja na ushone kwa mishono ya karibu karibu. Huo ni mpira. Ukifunga sehemu ya shingo na kuongeza mikono, unapata mdoli. Macho na mdomo vidarizi kwa uzi. Usishone vifungo wala shanga, kwa sababu mtoto atavinyofoa. Mwoneshe na umtajie: "Hili jicho. Jicho lako liko wapi?"

Kusanya pia maboksi matupu ya sabuni, majani ya chai na dawa ya meno. Yajaze magazeti ili yasibonyee, kisha uyafunge vizuri. Mtoto atayapanga, yataanguka, atacheka na kuyapanga tena. Hapo anajifunza kulenga, kusawazisha na kuvumilia.

Miaka 2 hadi 3: udongo

Udongo wa mfinyanzi uliochukuliwa mahali safi, mbali na choo, jalala na njia ya maji machafu, unatosha. Ondoa mawe na vipande vya chupa, kisha uloweke na kuukanda. Mwache mtoto abonyeze, aviringishe na kutengeneza chapati zake. Kaa karibu naye asiule, kwa sababu udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo. Mtoto anayetafuta udongo kila mara ili aule apelekwe kliniki, kwani huenda amepungukiwa damu. Mkimaliza, wote mnawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Kwa aliyefikisha miaka 3, unaweza kukanda unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1 na maji kama kikombe 1, ukimimina kidogo kidogo. Donge hili si chakula. Lina chumvi nyingi inayoweza kumdhuru mtoto. Kama wako bado anaweka kila kitu mdomoni, baki na mipira na maboksi.

Miaka 3 hadi 5: rangi za jikoni na gundi ya uji

- Njano: kijiko cha manjano kilichokorogwa na maji kidogo.
- Nyeusi: mkaa uliozimika na kupoa kabisa, uliosagwa na mtu mzima na kuchanganywa na maji. Mtoto asiusage mwenyewe, asije akavuta vumbi lake.
- Kijani: majani ya mchicha yaliyotwangwa na kukamuliwa.

Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha au kidole chake. Karatasi ni mgongo wa kalenda ya mwaka jana au boksi lililokunjuliwa. Mvalishe nguo kuukuu, kwa maana manjano hayatoki kirahisi.

Kwa gundi, pika uji mzito wa unga wa ngano au muhogo, uache upoe kabisa. Mtoto achane magazeti kwa vidole na kubandika vipande hivyo pamoja na majani makavu mpaka apate picha ya kuku, nyumba au shamba. Kuchana kwa vidole humwandaa kushika penseli kabla hajaanza kutumia mkasi. Kwa walio pwani, majani ya mnazi hutoa saa, pete na vipepeo. Mwombe bibi awafundishe.

Namna ya kucheza naye

Dakika 15 zako zina thamani kubwa kwake. Tandika mkeka mbali na jiko na maji ya moto, mahali unapomwona. Mwache achague na umfuate anakoelekea. Mtajie rangi, idadi na majina ya vitu. Akichora duara na kusema ni ng'ombe, usimsahihishe. Muulize: "Ng'ombe huyu anakula nini?" Sifia juhudi zake. Baba naye ashiriki. Mtoto wa kiume na wa kike wote wapike udongo na wote waendeshe gari la boksi.

Mtoto mwenye ulemavu anahitaji michezo hii zaidi. Asiyeshika vizuri, zungushia kijiti chake kitambaa kiwe kinene. Asiyeona vizuri, mpe vitu vyenye sauti na vya kupapasa.

Mchezo unakuonesha mengi

Unapocheza na mtoto unamfahamu kuliko mimi ninayemwona mara moja kwa mwezi. Mpeleke kituo cha afya ukiona:

- Amefikisha miezi 3 na hafuati kitu kwa macho, au hashtuki kwa sauti kubwa.
- Amefikisha miezi 9 na hawezi kukaa au hashiki vitu.
- Hajafikisha mwaka 1 na anatumia mkono mmoja tu, mwingine hautumii.
- Amefikisha miezi 18 na hajatembea wala hasemi neno lolote.
- Katika umri wowote, ameacha kufanya jambo alilokuwa akilifanya.

Usisubiri "atabadilika akikua". Akisaidiwa mapema, nafasi yake ya kupiga hatua ni kubwa zaidi.

Kitu kikimkaba mtoto

Kama anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe na ubaki naye. Kama hawezi kulia, kukohoa wala kupumua, piga kelele kuomba msaada na uanze mara moja:

1. Chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukishikilia taya. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Isipotoka, mgeuze na umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole 2, mara 5.
2. Zaidi ya mwaka 1: mwinamishe mbele na umpige mara 5 katikati ya mabega. Isipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, kisha uvute ndani na juu kwa nguvu, mara 5.
3. Rudia hivyo mpaka kitu kitoke. Akipoteza fahamu, mlaze mahali pagumu, anza kumkandamiza kifua kama umefundishwa, na akimbizwe hospitali.

Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani. Kitu kikiwa puani au sikioni, usikichokoe. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu maharage na mahindi huvimba yakipata unyevu. Pua ya upande mmoja inayotoa uchafu wenye harufu mbaya mara nyingi huwa na kitu ndani. Aliyemeza betri au kunywa mafuta ya taa usimtapishe, mkimbize hospitali.

Anza leo

Jioni ya leo chagua kitu kimoja kinachoendana na umri wa mtoto wako. Kikague kwa bomba la karatasi, vuta mishono yake, kisha mpe na ukae naye. Kila wiki kikague tena. Kilichochanika au kupasuka kirekebishe au ukitupe. Na siku ya kliniki, njoo nacho. Wenzako kwenye benchi watataka kujua umekitengenezaje.