Unataka Kuingia Windows 11? Kwanza Toa Vitu Zako Kwa Laptopu

Jumamosi moja, saa tano usiku, jirani yangu alinibishia mlango akiwa amebeba laptopu ikiwa wazi, vile mtu hubeba mtoto mgonjwa. Skrini ilikuwa ya bluu. Ilikuwa inamuitisha namba ya tarakimu 48. Si PIN, si paswadi yake ya kila siku. Tarakimu 48, na hajawahi kuziona maishani.

Huyu msee ni prodyuza wa mtaa. Studio yake ni bedsita yenye godoro limesimamishwa ukutani kuzuia kelele, na biti zote ametengeneza miaka mitatu ziko kwa hiyo mashine. Alikuwa ameskia Windows 10 imeisha, akaamua kuingia Windows 11. Laptopu ikamwambia haijafikisha masharti. Akacheki video fulani, akaingia BIOS, akaanza kubonyeza. Moja ya vitu alibonyeza ilikuwa kufuta TPM.

TPM ni kachip kadogo ndani ya laptopu kanaweka funguo za siri. Diski yake ilikuwa imefungwa na BitLocker, na funguo ilikuwa hapo kwa hako kachip. Akafuta funguo, mlango ukabaki umefungwa. Njia ingine ya kuingia ilikuwa hiyo namba ya 48, ambayo Microsoft huweka kwa akaunti ya mwenye alisajili mashine. Mwenye alisajili si yeye. Ni fundi wa duka alinunua hiyo laptopu, alitumia imeili yake mwenyewe siku ya kuiwasha ndio amalize haraka. Tulienda kumtafuta Jumatatu. Hilo duka sai linauza viatu.

Diski tulifomati. Kilichobaki ni ngoma nne alikuwa ametumia wasanii kwa WhatsApp zikiwa MP3. Project zenyewe, sauti moja moja, zote zilienda. Kuna msanii alirekodi hapo mwaka juzi na ameshaishia majuu, hiyo kolabo haitarudiwa.

Naandika hii juu wengi wenu mko kwa hiyo stage sai. Microsoft waliacha kutoa apdeti za bure za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu haitazimika, lakini mashimo ya usalama hayazibwi tena. Kuna mpango wa kuongezewa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026 ukijiandikisha, kwa hivyo hakuna mtu anakukimbiza usiku huu. Unaweza kaa wikendi moja ufanye bekapu poa kwanza.

Na usiniambie apdeti haiguzi faili zako. Kwa kawaida kweli haiguzi. Lakini cheki kilichotokea Oktoba 2018. Microsoft walitoa apdeti kubwa ya Windows 10, toleo 1809, tarehe 2. Siku chache baadaye wakaisimamisha, juu kuna watu walikuwa wanaamka wanapata folda za Documents na Pictures zimefutwa. Shida iliwapata wasee walikuwa wamehamisha hizo folda, say kutoka C kwenda D, lakini wakaacha faili zingine kwa folda ya zamani. Apdeti iliona folda ya zamani kama takataka, ikafagia na vitu zake zote. Waliopatwa walikuwa wachache sana ukilinganisha na waliofanya apdeti, na Microsoft waliirudisha Novemba ikiwa imerekebishwa. Lakini kama wewe ni mmoja wa hao wachache, asilimia haikusaidii na kitu.

Sasa, utoe nini? Windows yenyewe achana nayo, inapatikana bure kwa mtandao wao. Programu pia utaziweka upya. Movie unaweza download tena. Chenye unatafuta ni ile kitu ukipoteza hakuna mtu mwingine anayo. Na mara mingi haiko kwa Documents. Iko Desktop, iko Downloads. Fungua Downloads yako sai uone: PIN certificate ya KRA, karatasi za HELB, skani ya cheti cha KCSE, CV mbili zenye majina ya ajabu, na picha za mazishi ya guka. Hapo ndio maisha ya Mkenya huishi.

Kama unafanya muziki ama video, hapa ndio wengi huingia mtego. Faili ya project haibebi sauti ndani yake. Ile ya FL Studio inakumbuka tu mahali sauti ziko. Ukikopi hiyo peke yake kwa flashi, siku utaifungua kwa mashine ingine itakuuliza ngoma ya kick iko wapi. Ingia File, halafu Export, uchague Zipped loop package, itakusanya kila kitu pamoja. Wa Premiere, project yenu pia haibebi video, kwa hivyo kopi folda nzima ya klipu.

Paswadi zilizosevuwa kwa Chrome nazo ni rahisi: hakikisha umeingia na akaunti yako ya Google na kusawazisha kumewashwa. Alafu hakikisha unakumbuka paswadi ya hiyo akaunti. Usicheke, nimeona mtu.

Utaweka wapi? Google wanakupa GB 15 bure, OneDrive GB 5. Hiyo inatosha karatasi na CV, na hizo uweke huko leo leo. Lakini project za GB 100 na bando ya kununua kila siku, hiyo ni hesabu ya kulia. Tena jua OneDrive husawazisha: ukifuta faili kwa laptopu, inafutwa na huko juu, inabaki kwa pipa la taka la huko siku 30 tu.

Kwa kazi kubwa, tafuta diski ya nje. Kama doo ni ngori, kuna njia ya mtaa: ile diski ilitolewa kwa laptopu nzee ukiweka SSD, mpelekee fundi aiweke kwa kesi ya USB. Bei yake si ya kutisha na inafanya kazi fiti kama diski yenyewe bado nzima.

Chenye sitaki uguse ni ile flashi ya 1TB inauzwa soo tano tao. Hiyo ni flashi ndogo imedanganywa ijiite kubwa. Itakubali faili zako zote, majina yataonekana vizuri, lakini ikishajaa kimyakimya zile za baadaye zinakuwa hewa. Utajua siku unazifungua. Ukishuku flashi yako, kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza yote na kukuambia ukweli. Inachukua masaa, lakini inasema.

Na ukipata flashi inakataa video moja kubwa, na nafasi unaiona, angalia kama imefomatiwa FAT32. Hiyo haiwezi beba faili moja inafika 4GB. Toa vitu ziko ndani, ifomati exFAT, shida imeisha.

Ukishakopi, wasee wengi husema wamemaliza. Bado. Acha nikupe risto ya Toy Story 2. Mwaka wa 1998, filamu ikiwa bado inatengenezwa, mtu huko Pixar alipiga amri moja kwa kompyuta na faili zikaanza kupotea, wahusika na mandhari, hadi sehemu kubwa ya filamu ikaenda. Wakasema hakuna stress, bekapu iko. Kumbe bekapu ilikuwa imekataa kufanya kazi kwa wiki kadhaa na hakuna mtu alikuwa amecheki. Kampuni nzima, watu wenye kazi yao ni kompyuta! Kilichowaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa wakubwa wa kiufundi, ambaye alikuwa amejifungua na anafanyia kazi nyumbani. Kwake kulikuwa na kompyuta yenye kopi. Waliendesha gari hadi kwake, wakaifunga hiyo mashine kwa mablanketi, wakairudisha ofisini polepole kama mayai. Filamu ikatoka 1999.

Kwa hivyo fungua. Chomeka diski yako kwa laptopu ya beshte, si yako. Fungua project moja icheze mpaka mwisho, picha tatu nne, PDF ya KRA. Bonyeza folda na mkono wa kulia wa mausi, uende Properties, ulinganishe idadi ya faili na ile ya laptopu. Zikikosana, rudia.

Bado kuna ile namba ya 48. Kwa Start andika cmd, bonyeza Run as administrator, halafu andika manage-bde -protectors -get C: na ubonyeze Enter. Kama diski imefungwa, namba itatokea. Iandike kwa karatasi ama uipige picha na simu, na usiiweke kwa hiyo hiyo laptopu. Kisha ingia Settings, Accounts, uone imeili ya nani iko hapo. Kama ulinunua ex-UK ama ulisetiwa na fundi, hii usiruke hata kidogo. Ukipata jina la mtu haujui, badilisha kwanza kabla ya kitu ingine.

Siku ya apdeti yenyewe, cheki token ya stima. Laptopu nyingi za mtumba betri yake ni dakika kumi, na stima ikipotea katikati unaweza pata mashine haiwaki. Toa diski ya nje na flashi zote pia. Mwaka wa 2019 kuna apdeti ya Windows 10 ilikuwa inakataa kabisa kuingia ukiwa umechomeka USB, juu ilikuwa inachanganya herufi za diski. Na bekapu iliyochomekwa iko kwa hatari sawa na laptopu.

Ukiingia Windows 11 na uichukie, una siku 10 za kurudi nyuma. Faili za zamani zinakaa kwa folda ya Windows.old, baadaye zinafutwa zenyewe. Hiyo si bekapu, iko kwa diski ile ile. Diski yako ya nje usiifomati ndio uweke movie, angalau mwezi upite.

Jirani yangu sai ako na diski mbili. Moja iko kwa droo ya studio, ingine iko kwa mathe yake ushago, ndani ya sufuria ya sherehe haitumiki. Kila akienda anabeba laptopu, anaongeza biti mpya, mathe anamuuliza kama hiyo kitu inakula stima yake.