Nendeni Wawili Kaburini kwa Tutankhamun

Dhahabu ilishahamishwa. Kilichobaki chini ya ngazi 16 ni kijana mmoja, na habari za ndoa ambayo wengi wetu tunaweza kujiona ndani yake.

Waambie ndugu zako kwamba wewe na mwenzio mmeamua kutumia likizo yenu kuangalia makaburi, halafu usikilize. Shangazi atauliza kama Zanzibar imejaa. Marafiki watacheka. Na hakosi mmoja wa kukumbushia laana ya Firauni, eti mtarudi na mikosi kwenye sanduku badala ya zawadi.

Waache waseme. Kama nyinyi ni watu wa kupenda safari zinazowaachia kitu cha kuongea usiku, basi Bonde la Wafalme kule Luxor, kusini mwa Misri, ni mahali penu. Na kati ya makaburi yote ya bonde lile, lile la Tutankhamun ndilo ambalo watu wawili wanaopendana wanapaswa kuingia polepole, wakijua wanaangalia nini. Wengi huingia na kutoka ndani ya dakika tano wakinung'unika, "Yaani ndiyo hili tu?" Tatizo ni kwamba walikwenda kutafuta dhahabu.

Kidogo kuliko ulivyotegemea

Luxor iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Cairo kwa barabara, ingawa kwa ndege ni kama saa moja tu. Mji wenyewe uko ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile. Wamisri wa kale waliwazika wafalme wao ng'ambo ya magharibi, upande jua linakozama. Kwa hiyo asubuhi mnavuka mto, mnapita mashamba ya kijani, halafu ghafla kijani kinaisha kama kimekatwa kwa kisu. Mbele yenu ni milima mikavu ya rangi ya mchanga, na ndani ya mikunjo ya milima hiyo wamechimbiwa wafalme wa karibu miaka 500.

Yako makaburi zaidi ya 60 pale. La Seti I lina urefu wa zaidi ya mita 130 kwenda chini mlimani. La Tutankhamun? Ngazi 16, ujia mfupi, vyumba vinne, basi. Ukijumlisha sakafu yote unapata mita za mraba kama 110, sawa na nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu. Wataalamu wengi wanaamini halikuchimbwa kwa ajili ya mfalme. Kijana alikufa kabla kaburi lake halijawa tayari, akapewa lililokuwepo.

Udogo huo ndio ulioliokoa. Baadaye mafundi waliochimba kaburi la Ramses VI hapo juu walijenga vibanda vyao vya kulala juu ya mlango wake, kifusi kikaufunika, na dunia ikasahau. Mpaka tarehe 4 Novemba 1922, vibarua wa Kimisri waliokuwa wakifanya kazi na Mwingereza Howard Carter walipoifikia ngazi ya kwanza. Ndani vilikutwa vitu zaidi ya 5,000. Carter alitumia miaka kumi kuvitoa vyote.

Leo vitu hivyo, ukiwemo ule uso wa dhahabu unaouona kwenye kila kitabu, viko Cairo, kwenye Makumbusho Makuu ya Misri karibu na piramidi za Giza, yaliyozinduliwa rasmi Novemba 2025. Kaburini mtakuta sanduku kubwa la jiwe, kuta zilizochorwa za chumba kimoja tu, na mwenye nyumba mwenyewe. Amelala kwenye kabati la kioo linalodhibiti joto na unyevu, amefunikwa shuka, uso na miguu viko nje. Ni mwembamba, mweusi kwa dawa alizopakwa, na mfupi kuliko mtu anavyomfikiria mfalme.

Mpe dakika yake. Alipewa kiti cha enzi akiwa na miaka kama minane au tisa. Alikufa akiwa na kama 19. Ni umri wa mdogo wako aliyeko chuoni.

Bwana na bibi

Alikuwa na mke. Jina lake Ankhesenamun, binti wa mfalme Akhenaten na Malkia Nefertiti. Wataalamu wengi wanaamini kwamba wawili hao walikuwa ndugu wa baba mmoja, na hapo najua umekunja uso. Ndivyo zilivyokuwa taratibu za nyumba ile ya kifalme. Hawakuulizwa.

Na hawakurithi kiti peke yake, walirithi na ugomvi wa wakubwa. Akhenaten alikuwa ameweka kando miungu ya zamani na kumtukuza mmoja, Aten. Alipokufa, nchi ikataka kurudi ilikotoka. Watoto hawa wawili, yeye akiitwa Tutankhaten na mwenzake Ankhesenpaaten, wakabadilishwa hadi majina, Aten akatoka na Amun akaingia. Kama wewe na mwenzio mmewahi kuanza maisha huku mkivutwa na familia mbili zisizoelewana, si mnajua ladha yake?

Sasa angalia jinsi walivyochorwa. Mgongoni mwa kile kiti cha dhahabu kilichokutwa kaburini, mfalme ameketi amejiegemeza, mkewe amesimama mbele yake. Mkono mmoja unamgusa begani, mwingine umeshika kibakuli cha mafuta mazuri, anampaka. Kwenye kisanduku kidogo kilichopakwa dhahabu, kirefu kama nusu mita, kuna picha zaidi. Humo anamfunga mkufu shingoni, na pengine mume anammiminia kinywaji mkononi. Katika nyingine, mume anawinda ndege kwa upinde akiwa ameketi, na mke yuko miguuni pake anampa mshale.

Kwa nini awinde ameketi? Watafiti waliompima mwaka 2010 walieleza kwamba alikuwa na matatizo ya mguu, na walikuta pia dalili za malaria mwilini mwake. Kaburini zilikutwa fimbo za kutembelea kama 130. Picha za wafalme huwa zina sifa nyingi, hatupaswi kuzimeza zote. Lakini hata kama mchoraji alitia chumvi, alichochagua kuchora ni mke anayejua mumewe anahitaji nini kabla hajaomba.

Majeneza mawili madogo

Chumba cha ndani kabisa Carter alikiita hazina. Huwezi kuingia humo, unachungulia tu ukiwa kwenye chumba cha maziko. Katika chumba hicho, pamoja na mali zote, lilikuwepo sanduku la mbao la kawaida. Ndani yake majeneza mawili madogo. Ndani ya kila moja kulikuwa na jeneza jingine dogo zaidi, lililopakwa dhahabu. Na ndani ya hayo, watoto wawili ambao hawakuwahi kulia. Mmoja alikuwa wa mimba ya kama miezi mitano, mwingine alikuwa amekaribia kuzaliwa.

Vipimo vya vinasaba vya mwaka 2010 vinaonyesha kuwa huenda ni watoto wa Tutankhamun. Hakuna mke wake mwingine anayejulikana. Majeneza hayakuandikwa jina la mtoto, ila neno moja tu lililotumika kwa marehemu wote, la kuwaunganisha na Osiris, mungu wa waliokufa. Hawakuwa na majina bado. Lakini walipakwa dawa, wakafungwa sanda na kuhifadhiwa, na baba alipokufa wakawekwa karibu naye.

Hapa ndipo naomba tusimame kidogo, maana hili siyo jambo la Misri peke yake. Ni wanandoa wangapi unaowajua ambao mimba iliharibika, na wiki iliyofuata wote wawili wakarudi kazini kama hakuna kilichotokea? Mama anaambiwa, "Utapata mwingine." Baba haulizwi chochote, anatakiwa tu kuwa imara. Hakuna matanga, hakuna shada, hakuna hata jina la kulitaja. Wengine wanakaa miaka kumi kwenye kitanda kimoja bila kuliongelea.

Wale vijana wawili, pamoja na dhahabu yao yote, hawakuweza kuzuia msiba ule. Lakini mtu aliamua kwamba hao nao ni wa familia. Miaka zaidi ya 3,300 baadaye tunajua kwamba walikuwepo. Kama nyumbani kwenu kuna habari ya namna hii iliyofungiwa, safari hii inaweza kuwa mahali pa kuanza kuiongea, na si lazima mlie mbele ya watalii. Jioni ile, kwenye ukingo wa mto, swali moja linatosha: "Wewe ulijisikiaje siku ile?"

Mke hayupo ukutani

Rudi kwenye chumba cha maziko uangalie kuta. Upande mmoja wako nyani 12, kila mmoja kwenye kisanduku chake, ndio saa 12 za usiku ambazo mfalme anapaswa kuzivuka. Upande mwingine wanaume 12 wanaburuta jeneza. Ukuta wa kaskazini yupo mwanamume aliyevaa ngozi ya chui, anafanya ibada ya kumfungua marehemu kinywa. Huyo ni Ay, mzee wa ikulu, ndiye aliyechukua kiti.

Mtafute Ankhesenamun. Hayupo. Kwenye vitu vya dhahabu yuko kila mahali, ukutani hayupo.

Zipo kumbukumbu za Wahiti, taifa lililokuwa katika nchi ya Uturuki ya leo, zinazosema mjane wa mfalme wa Misri alimwandikia mfalme wao, Suppiluliuma. Alisema mumewe amekufa, hana mtoto wa kiume, na hataki kuolewa na mtumishi wake. Akaomba aletewe mwana wa mfalme amuoe. Wataalamu wengi wanaamini ni Ankhesenamun. Kijana alitumwa, akafa kabla ya kuwa mfalme wa Misri. Baada ya hapo binti huyu anapotea kwenye historia, na kaburi lake halijatambuliwa hadi leo.

Ila kuna kitu kimoja. Mwaka 1924, sanduku la jiwe lilipofunguliwa, kwenye paji la uso la jeneza la nje kulikutwa kishada kidogo cha majani ya mzeituni na maua ya buluu, kikiwa bado na rangi kwa mbali. Carter aliandika kwamba katika fahari yote ile, hicho ndicho kilichomgusa, na kwamba alipenda kuamini ni kwaheri ya mjane. Hakuna anayeweza kuthibitisha. Lakini mtu alikiweka pale, na hakukiweka kwa ajili yetu.

Na laana je?

Haya, tuimalize. Lord Carnarvon, tajiri aliyegharamia uchimbaji, alikufa Aprili 1923, miezi michache baada ya kaburi kufunguliwa. Magazeti yakapata habari ya kuuza. Chanzo kilikuwa kuumwa na mbu, kidonda kikaingia sumu, damu ikaharibika. Carter mwenyewe, aliyeshinda mle ndani miaka yote ile, aliishi mpaka 1939. Na kama nyumbani wanaogopa mumia, wakumbushe kwamba neno letu mumiani ni ndugu wa neno hilohilo. Zamani lilikuwa jina la dawa nyeusi ya maumivu na mifupa iliyovunjika, kabla halijawa jina la kutishia watoto.

Kama kuna laana, basi ni sisi. Kila mtalii anaingia na pumzi, jasho na vumbi lake, na unyevu huo ndio adui wa rangi za ukutani. Taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani na wataalamu wa Misri walianza mwaka 2009 kazi ya karibu miaka kumi pale: hewa mpya, taa mpya, njia mpya ya kupita. Kwa hiyo usiguse ukuta, hata kwa kidole kimoja.

Kabla hamjakata tiketi

* Nendeni kati ya Oktoba na Aprili. Kiangazi joto la Luxor hupita nyuzi 40, na joto hilo limevunja tabasamu za maharusi wengi.
* Wahini bonde likifunguliwa alfajiri, kabla mabasi ya watalii hayajafika.
* Tiketi ya kawaida inawaingiza makaburi matatu kati ya yale yaliyofunguliwa kwa zamu. La Tutankhamun lina tiketi yake ya pembeni. Anzeni na makubwa, mmalizie na hili. Mkianza nalo litawapita.
* Beba maji, kofia, viatu vya kutembelea na chenji ya bakshishi. Mlinzi akikuonyesha kitu atategemea asante ya mkononi, msigombane naye, wala msigombane nyinyi kwa ajili yake.
* Mkitaka kukaa na michoro bila kusukumwa, karibu na nyumba ya zamani ya Carter ipo nakala kamili ya chumba cha maziko, iliyofunguliwa mwaka 2014.
* Mkiweza, pitieni makumbusho ya Cairo kwanza, mkione kile kiti. Mkifika kaburini mtajua nani anakosekana.
* Mambo ya viza na chanjo, ulizeni ubalozi mapema, masharti hubadilika.

Na mkiwa mle chini, wekeni simu mfukoni walau kwa dakika tatu. Shikaneni mikono. Picha za kaburi zipo tele duniani, hamtaongeza kitu. Dakika tatu hizo ni zenu.