Mchanga wa Newala, Kioo cha Sham

Mchanga haukosekani Newala. Chimba shimo la mkorosho popote kwenye uwanda wa Makonde, utautoa mwekundu mpaka uchoke. Mafundi wa kioo wa Sham na Misri katika karne ya 13 wasingeukimbilia: wekundu ule ni chuma, na chuma hukipa kioo ukijani.

Isitoshe, mchanga mtupu unataka joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi ndipo uyeyuke, na tanuri za kuni za zama hizo hazikufika huko. Dawa ilikuwa majivu. Waliichoma mimea ya ardhi ya chumvi, wakayachanganya majivu yake, yenye magadi tele, na mchanga. Basi ukayeyuka kwa moto mdogo zaidi.

Lakini kazi hasa ilikuwa nakshi. Fundi alisaga kioo cha rangi kikawa unga, akaukoroga kwa mafuta au gundi, akauchora juu ya taa au bilauri iliyokwisha poa. Palipotakiwa mng'ao alitia dhahabu. Baadhi ya buluu ilitokana na lapis lazuli, jiwe la Badakhshan, Afghanistan. Kisha chombo kilirudi motoni kwenye ncha ya ufito wa chuma, kikizungushwa bila kukoma, ili unga uyeyuke na kushika kabla chombo chenyewe hakijalegea. Ukizubaa hapo, taa ya msikiti imegeuka bonge! Nyingi zilizosalia zimeandikwa Aya ya Nuru, ya 35 katika Surat An-Nur.

Vyombo vya kioo kutoka ng'ambo vilifika hata kusini kwetu. Toka Newala ushuke Masasi, upite Lindi na Nangurukuru mpaka Kilwa Masoko, upande dau la Kisiwani. Mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua huko vipande vya kioo, akavieleza katika kitabu chake cha 1974. Vilivyozikwa muda mrefu hubanduka utando kwa utando kama ganda la kitunguu, vikimetameta rangi za upinde wa mvua, kwa sababu unyevu wa udongo umefyonza magadi yake.

Kilwa ndiyo iliyoshika biashara ya dhahabu ya Sofala. Ukiifuata dhahabu hiyo bara unafika Great Zimbabwe, na huko pia, mwanzoni mwa karne ya 20, vilipatikana vipande vya kioo kilichochorwa cha Mashariki ya Kati. Aliyekibeba kutoka pwani hadi kule bila kukivunja, naye alikuwa fundi.